Transfo ya Pili

Siku zile zetu, redio ilikuwa kitu cha kubebwa na watu wawili. Ninyi wa rika langu mliokulia mtaa wa Katuba mtanisadiki. Wengine wacheke tu, hakuna neno. Redio ilikuwa kabati la mbao lenye kitambaa mbele, na ukiiwasha haikusema papo hapo. Ilibidi uisubiri. Kwanza vile vichupa vya kioo vya ndani, ambavyo sisi tuliviita lampu, vilianza kuwaka rangi ya chungwa. Kisha ikaja harufu ya vumbi linalopata moto, kisha mngurumo, na mwishowe sauti ya mtu ambaye tayari alikuwa katikati ya habari. Paka wetu alilala juu yake msimu mzima wa baridi. Leo binti yangu Nadège simu yake ikichelewa kufunguka kwa muda wa kupiga chafya, anasonya kama mtu aliyenyang'anywa shamba.

Mengi ya utoto ule nayakumbuka bila shida. Nakumbuka baridi ya mwezi wa sita iliyotupasua midomo, na vumbi jekundu lililoingia mpaka ndani ya daftari. Nakumbuka bukari, yaani ugali wetu, ya moto na sombe ya majani ya muhogo, na vinkubala, wale viwavi wa kukaangwa, ambao tuliwahesabu mmoja mmoja kwenye sahani ili Yaya Beya, kaka yangu, asizidishe. Nakumbuka tukiteleza kutoka juu ya kichuguu nyuma ya shule, tumekalia kipande cha katoni, mpaka sketi zikatoboka na Mama akatupigia kelele. Yote hayo yako wazi kabisa. Lakini kuna Jumapili moja ambayo kila nikiikumbuka nachanganyikiwa: nani alisema nini, nani aliangalia nini, na hasa nani alichagua. Nitaisimulia kama ilivyobaki kichwani mwangu, na pale nitakapopotea mtaona wenyewe.

Papa alifanya kazi kwenye kiwanda cha shaba, upande wa mashine ya kusaga mawe. Asubuhi aliondoka na chupa ya chai, jioni akarudi mweupe kwa vumbi, akaoga, akala, kisha akachukua gitaa. Hapo ndipo alipokuwa mtu mwingine. Katika bendi ya mtaa wetu, ile iliyopiga kwenye ndoa zote za jirani, yeye ndiye aliyekuwa mpiga solo, na sisi watoto wake tulitembea shingo juu kwa sababu hiyo. Kiongozi wa bendi alikuwa rafiki yake, Papa Ramazani, fundi cherehani, mtu wa ukoo wa Maniema, aliyekaa barabara ya pili kutoka kwetu. Sisi tulikuwa Wakasai wa kanisani, wao walikuwa wa msikitini, lakini Krismasi watoto wao walikula kwetu na Idi tulikula kwao, na hakuna aliyeona ajabu. Papa Ramazani alikuwa na masikio ya kutisha. Cherehani ikiwa inalia chini ya mikono yake, bado alisikia mtoto akichota sukari chumba cha pili.

Papa pia alikuwa na ugonjwa wa redio. Redio ya mtu ikifa, mwenye redio alimletea yeye, naye akaikata vipande, akavipanga ndani ya masanduku chini ya vitanda vyetu. Wenzetu walikuwa na magari ya waya na mipira ya matambara. Sisi tulichezea vitufe vya kurekebishia stesheni na sumaku za spika. Mama alichoka. "Hii nyumba iko ya bantu ao ya baredio?" aliuliza kila alipofagia, na Papa akajibu kwamba iko ya wote wawili, watu na redio, mradi waishi kwa amani. Mama hakucheka.

Sasa, gitaa la bendi lilitoa sauti kwa kupitia ampli, yaani mashine ya kuikuza sauti kabla haijafika kwenye spika. Ampli ya Papa ilikuwa ya zamani, na msimu mmoja wa baridi ikatoa moshi, ikanyamaza moja kwa moja. Bendi ikaazima hapa, ikaazima kule. Papa Ramazani alivumilia, kisha siku moja akaja nyumbani, akakaa, akanywa munkoyo, akasema kwa upole kwamba baada ya wiki mbili, siku ya Jumamosi, kulikuwa na ndoa kubwa. Kama Papa atakuja na ampli yenye sauti nzuri, vizuri. Kama hatakuja nayo, kuna kijana mmoja mwanafunzi wa chuo kikuu cha Kasapa mwenye gitaa na ampli yake mwenyewe, naye ameomba kujaribiwa.

"Nitatengeneza yangu," Papa akasema.

"Kwa wiki mbili tu?"

"Kwa siku sita. Ya saba nitapumzika."

Papa Ramazani akacheka, lakini sisi tuliokuwa tumejificha mlangoni hatukucheka. Tulijua kwamba bila bendi, Papa angebaki yule mtu mweupe wa vumbi peke yake.

Akaanza. Bodi yake aliikata kwenye pipa la bati. Lampu alizitoa kwenye redio zilizokufa, spika ilikuwapo, na umeme aliuunga mwenyewe huku Mama akisali jikoni kwa sauti ili asikike. Kufikia Jumamosi, siku saba kabla ya ndoa, kila kitu kilikuwa mahali pake isipokuwa kimoja, nacho ndicho kilichomnyima Papa usingizi. Kilikuwa transfo, yaani transfoma, ya mwisho, ile inayokaa kati ya lampu na spika.

Sikuelewa transfo ni nini, nami nilikuwa na miaka kumi na mmoja na nilitaka kuelewa kila kitu. Papa alinieleza kwa mfano wa misa. Parokiani kwetu padre alihubiri kwa Kifaransa, na katekista akasimama kando yake akigeuza maneno kwa Kiswahili. "Balampe banasema kwa nguvu, mais lakini banasema luga yabo," Papa aliniambia. "Spika haisikie ile luga. Transfo njo mukalimani. Kama mukalimani iko mubaya, padre anaweza kusema maneno ya malaika, bantu batasikia bitu bya bure." Hilo nililielewa, kwa sababu katekista wetu alikuwa na njaa daima na mahubiri ya nusu saa aliyamaliza kwa dakika tano.

Papa alikuwa na wakalimani watatu. Transfo ya kwanza ilikuwa ya wastani, imefungwa kamba, imetoka kwenye redio ya mtu wa reli. Ya pili ilikuwa ndogo na nzuri, imevikwa karatasi ya njano isiyo na doa hata moja, kana kwamba imetoka dukani jana. Ya tatu ilikuwa jibonge jeusi linalonuka lami, lililotolewa kwenye mashine ya sinema ya zamani, na ukiliangusha mguuni unakwenda hospitali. Hakuna hata moja iliyokuwa na maandishi yanayosomeka. Papa alizipima kwa kiganja, akazigonga kwa ukucha, akazinusa, akazilamba waya. Jioni nzima alizipanga na kuzipangua. Nilidhani mtu mzima anajua, na kama anachelewa ni kwa sababu anafurahia.

Jumapili baada ya misa alituita sebuleni, Yaya Beya na mimi, akatukalisha kwenye kiti kirefu tukimtazama. Ampli ilikuwa mezani, tumbo wazi, lampu zinawaka. Akaweka gitaa mapajani.

"Sikieni muzuri," akasema. "Mi minajua transfo yenye iko muzuri. Minataka tu kuona kama nanyi muko na masikio."

Nyumba ya jirani kulikuwa na kilio. Mzee wa pale alikuwa amefariki Alhamisi, wanawake walikuwa wamekaa uani juu ya mikeka, na kupiga muziki kwa sauti kando ya watu wenye msiba kungekuwa utovu wa adabu ambao mtaa usingeusahau. Kwa hiyo Papa alipunguza sauti mpaka ikawa ya kunong'ona. Akapiga kipande kifupi, kilekile alichopenda kufungulia ndoa. Akafungua waya, akafunga transfo ya pili, akapiga kilekile. Akafungua tena, akafunga ya tatu, akapiga kilekile. Kisha akatutazama.

Nataka mjue ukweli: sikusikia tofauti yoyote. Zote tatu zilikuwa gitaa la Papa likinong'ona. Nilikaza masikio mpaka kichwa kikauma, nikasikia kinamama wa jirani wakiimba wimbo wa maombolezo, nikasikia jogoo, nikasikia tumbo la Yaya Beya. Tofauti sikuisikia.

Hapo inabidi niwakumbushe shule zetu. Ninyi mnakumbuka. Mwalimu akikuuliza, ukakosea, ulichapwa fimbo moja na ukakaa. Lakini ukisema "sijui", ole wako! "Sijui" lilikuwa neno la mvivu na la mkaidi. Ulipiga magoti kwenye kokoto mpaka kengele. Na nyumbani vilevile, mkubwa akikuuliza jambo, kumwambia sijui kulikuwa kama kumgeuzia mgongo. Kwa hiyo tulijifunza ufundi mwingine. Tulijifunza kusoma nyuso. Darasa zima tulimtazama mwalimu nyusi, tukaanza kujibu polepole, na zikipanda tu tulijua tumefika, tukamalizia kwa kelele. Nimepita darasa la nne na la tano kwa nyusi za mwalimu, na cheti ninacho.

Basi nilifanya kilekile kwa Papa. Nilipokuwa sielewi kwa masikio, nilitumia macho. Nilikuwa nimeona kwamba alipopiga na transfo ya pili, nyusi zake ziliruka, zote mbili, mara moja. Ya kwanza hazikuruka. Ya tatu hazikuruka. Leo nafikiri alipigwa na umeme kidogo vidoleni, maana nyuzi za gitaa kwenye zile ampli za kutengeneza nyumbani zilikuwa na tabia hiyo. Siku ile nilijua tu kwamba nimepata jibu.

"Ngalula, weye unasema nini?"

"Ya pili, Papa."

"Ya pili, juu ya nini?"

"Iko na sauti ya kusafika."

Sijui niliitoa wapi hiyo sauti ya kusafika. Labda kwenye ile karatasi ya njano. Papa akanitazama kwa muda mrefu, nami nikamtazama bila kupepesa, kama mtu mwenye uhakika. Kisha akamgeukia Yaya Beya, na Yaya Beya akasema ya pili pia. Hapa ndipo tunapogombana mpaka leo. Yeye yuko Kolwezi sasa, ana wajukuu, na kila nikimpigia simu anaapa kwamba alisema ya tatu na kwamba mimi nilimkanyaga mguu. Mimi simkumbuki akisema ya tatu. Lakini mguu, nikifikiri sana, ninaukumbuka.

"Njo ile," Papa akasema. Akainuka, akanishika kichwa kwa mikono miwili. "Huyu mutoto iko na masikio." Nilifurahi mpaka nikashindwa kula.

Jambo ambalo hatukulijua wakati ule, na ambalo Mama alikuja kuniambia nikiwa tayari nimeolewa, ni kwamba masikio ya Papa yalikuwa yameharibika. Ile mashine ya mawe ilikuwa imeyala. Sauti nzito alizisikia, za katikati alizisikia nusu, lakini zile kali za juu, ndege, filimbi, nyuzi nyembamba za gitaa, zilikuwa zimemtoka moja baada ya nyingine, naye hakumwambia mtu; Mama mwenyewe aligundua miaka mingi baadaye. Alijua kupiga kwa vidole na kwa kumbukumbu. Haukuwa mtihani aliotupa siku ile. Alikuwa anaomba msaada, na aliuomba kwa namna pekee ambayo baba wa enzi zile aliweza kuomba kwa watoto wake.

Jumamosi ikafika. Ndoa ilikuwa mchana, uani kwenye nyumba moja ya barabara kubwa ya Katuba, maturubai yamefungwa kutoka ukuta hadi ukuta, wali na kuku kila meza. Papa alivaa shati jeupe. Akaweka ampli yake juu ya sanduku, akaiwasha, na kwa kuwa uani kulikuwa na watu kama mia tatu hivi, aliongeza sauti mpaka mwisho. Akapiga kile kipande chake cha kufungulia.

Niliisikia tofauti sasa. Mungu wangu, niliisikia! Transfo ile ndogo, iliyokuwa mpole ilipokuwa ikinong'ona, ilipopewa nguvu zote ilishindwa kabisa. Sauti za chini zilipasuka kama kitambaa kinachochanwa, na za juu zilitoka kama msumari juu ya bati. Shangazi wa bibi harusi alijiziba sikio. Watoto waliokuwa wanacheza wakasimama. Papa Ramazani, aliyekuwa na kipaza sauti mkononi, aligeuka akatazama ampli, akamtazama Papa, kisha akafumba macho na kuanza kuimba tu, kwa sababu wimbo ulikuwa umeshaanza.

Na Papa alitabasamu. Hilo ndilo siwezi kulisahau. Hakuisikia ile misumari. Alipiga vizuri siku ile kuliko siku zote nilizomwona, vidole vinakimbia, jasho linatiririka, uso umejaa furaha, na kadiri alivyozidi kupiga vizuri ndivyo watu walivyozidi kukunja nyuso. Nilitaka kukimbia nikang'oe waya wa umeme. Nilitaka ardhi inimeze. Nilikaa palepale na sahani yangu ya wali, nimemwonea baba yangu aibu, na nimejionea aibu kwa kumwonea aibu.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani alinishika mkono. "Unaona, mama?" akaniambia. "Bantu balifurahi." Nikasema ndiyo, Papa. Ningesema nini?

Jumanne Papa Ramazani alikuja na suruali mpya, kitambaa kizuri cha kijivu, aliyoishona mwenyewe bila kuombwa na bila kupima, kwa maana vipimo vya Papa alivijua kwa moyo. Akaiweka mezani. Akazungumza habari za baridi, habari za watoto, kisha akasema kwamba kuanzia ndoa inayofuata solo atapiga yule kijana wa Kasapa. Hakusema kwa nini. Nadhani alishindwa. Papa hakuuliza. Alisema asante kwa suruali. Alipoondoka mgeni, Papa alitazama mikono yake, mbele na nyuma, akamwambia Mama kwamba vidole vyake vimeisha, kwamba kazi ya mawe imevila na watu wamegundua. Akatundika gitaa ukutani. Ampli ikaenda chini ya kitanda pamoja na transfo zote. Suruali aliivaa kanisani miaka mingi.

Mimi nilijua kwamba si vidole. Na mimi peke yangu nilijua kwamba transfo ile niliichagua bila kuisikia, nami nilinyamaza. Kwanza nilinyamaza kwa hofu, kisha kwa mazoea, kisha kwa sababu miaka ilikuwa imepita na sikujua tena mlango wa kuingilia. Papa Ramazani aliendelea kuja kwetu mpaka alipofariki. Walikaa, wakasikiliza redio, hawakuzungumza muziki.

Sasa nifike leo. Papa bado yuko, kwenye nyumba ileile. Mama ametutoka. Sikio la kulia limekufa kabisa. Ukitaka akusikie, unakwenda kwenye la kushoto na unasema kwa nguvu. Nadège, binti yangu, ndiye anayemtembelea sana, naye anasoma mambo ya umeme hukohuko Kasapa. Mtoto huyu anavaa visikizio shingoni kama wenzake wote, hasikii ukimwita kula, lakini siku moja alivuta ile ampli kutoka chini ya kitanda na macho yake yakawaka. Babu yake akamwomba aifufue. Ikawa kazi yao ya wiki nzima. Jumamosi iliyopita nilipofika niliwakuta wameinama juu ya meza, umeme umekatika, wanangoja urudi.

"Nkambo," Nadège alikuwa anampazia babu yake sauti, "ni nani alichagula hii transfo?"

"Ni mama yako," Papa akajibu kwa fahari. "Alikuwa mutoto mudogo. Mais alikuwa na masikio, huyu!"

Nadège akanitazama kwa mshangao. Akanionyesha kipimo chake, akanionyesha simu yake, hesabu zimejaa ukurasa. Kwa maneno niliyoshika, transfo ya njano ilitengenezwa kwa redio ndogo ya kuweka kando ya kitanda. Chuma chake chembamba, hakiwezi kubeba nguvu ya lampu mbili za Papa. Ya kwanza waya wake sasa umekatika ndani. Ile nyeusi ya sinema ndiyo iliyofaa. Ilikuwa inafaa tangu siku ile.

Papa hakukubali. "Hesabu iko hesabu," akasema. "Transfo banaichagula kwa masikio. Ngalula iko hapa. Atasikia."

Umeme ukarudi saa kumi. Lampu zikawaka polepole, harufu ya vumbi ikajaa chumba, na Papa akashusha gitaa ukutani. Nadège alikuwa ameweka nyuzi mpya. Papa alipiga kile kipande chake, vidole vigumu, polepole, sauti ya chini kwa sababu ni mtu wa kuheshimu majirani hata wasipokuwa na msiba. Nadège akabadilisha waya. Papa akapiga tena na ile nyeusi. Kisha akanigeukia, akanitazama usoni vilevile, na mimi, mama mzima mwenye nywele nyeupe, nikajikuta naangalia nyusi zake.

Niliona haya. Nikainuka, nikaenda kwenye sikio la kushoto.

"Papa, sijue."

"Unasema?"

"Sijue yenye iko muzuri. Sisikie tofauti."

"Ile siku ulisikia."

"Ile siku pia sikusikia, Papa. Nilikuwa naangalia uso yako. Nyusi yako ilipanda, nikasema ya pili."

Akaweka kiganja juu ya nyuzi. Alinitazama kama mtu anayesoma barua ya lugha asiyoijua vizuri.

"Uso yangu? Mais mi nilikuwa naangalia uso yako, Ngalula! Masikio yangu ilikuwa imekwisha. Niliona uko na hakika, nikasema, njo ile." Akatikisa kichwa. "Basi ni nani alichagula?"

Mimi mpaka leo sijui.

"Kama ungeniambia sijue," akasema baadaye, bila hasira, "ningemeza haya, ningeita Ramazani aje asikie."

Nililia. Nililia kwa ajili ya Papa Ramazani, ambaye alikuwa barabara ya pili tu, na kwa ajili ya neno moja ambalo tulifundishwa kuliogopa kuliko uongo. Tunapenda kujisifu, sisi wa enzi zile. Tunasema tulikuwa na adabu, tulijibu wakubwa tulipoulizwa, hatukuwa kama hawa wa siku hizi wanaoinua mabega na kurudi kwenye simu zao. Ni kweli tulijibu. Tulijibu kila kitu. Redio zetu zilikuwa nzito, chakula chetu kilikuwa kitamu, na ningerudi kesho asubuhi kama kungekuwa na gari la kunirudisha, lakini sijui ni mambo mangapi ndani ya nyumba zile yalichaguliwa hivyo, kila mmoja akimtazama mwenzake usoni.

Papa akamgeukia Nadège. "Na weye? Unasikia je?"

Nadège hakumtazama hata usoni. Alikuwa ameinamia ampli.

"Sijue, nkambo," akapaza sauti, kama mtu anayesema leo ni Jumamosi. "Sauti iko chini sana. Ongeza, urudilie. Anza na ya pili."

Akafunga tena ile ya njano, na Papa akapeleka mkono kwenye kitufe, akakizungusha mpaka mwisho. Akapiga. Kitambaa kikachanika, msumari ukapita juu ya bati, glasi zikalia kabatini, na mimi nikajiziba masikio kabla sijajizuia. Papa aliniona. Akasimamisha nyuzi, akatazama mikono yangu iliyokuwa bado kichwani.

"Njo vile bantu balisikia? Siku ya ndoa?"

"Njo vile, Papa."

"Sauti ilikuwa mubaya."

"Mubaya sana."

Papa akainua mkono wake wa kushoto, akakunja vidole kimoja kimoja, akavikunjua.

"Basi haikukuwa bidole," akasema.

"Hapana, Papa. Haikukuwa bidole."

Nadège alikuwa ameshaanza kufunga waya wa ile nyeusi.